Mishale ya Njuki Iliyopanda Manyatta

Mara ya kwanza Ndwiga kufanya biashara na Njuki, alipunjwa. Alitoa misumari mirefu ya kutosha kushika paa la nyumba, akapewa kibuyu cha asali kilichojaa mpaka shingoni, akakifunga juu ya punda na kupanda nacho hadi kwao Manyatta akijiona mjanja. Alipokimimina, asali ilikuwa ya juu juu tu. Chini yake palikuwa na masega yenye majana, wale watoto weupe wa nyuki, wamelowa na kuanza kunuka.

Safari iliyofuata alishuka moja kwa moja mpaka kwa Njuki, kibuyu mkononi.

"Baba Muthoni, hiki ulichoniuzia ni nini?"

Njuki alichungulia ndani kama mtu anayeonyeshwa kitu kigeni. "Ni vitu vya nyuki."

"Nilitaka asali."

"Uliuliza kama kimejaa, nikasema kimejaa. Ungeuliza kimejaa nini, si ningekuambia?"

Wawira, mke wa Njuki, alicheka mpaka akakaa chini. Ndwiga hakuwa mtu wa kupoteza siku kwa ajili ya hasara ndogo. Alipiga hesabu moyoni kwamba mtu anayeweza kumpunja yeye ni mtu wa kukaa naye karibu, akavuta kigoda, akaomba uji. Kuanzia siku hiyo katika kila kibuyu alichovya kijiti mpaka chini kabla ya kutoa chochote, na Njuki alimtazama akifanya hivyo bila kuudhika hata kidogo.

Njuki alikuwa mtu wa nchi kavu ya Mbeere, mwembamba, mwenye miguu mirefu aliyojivunia kiasi cha kuipaka mafuta ya mbarika hata siku za kazi. Shamba lake la mtama lilikuwa la mkewe kwa kila namna isipokuwa jina. Yeye alikuwa mwindaji. Misumari ya Ndwiga aliitia motoni, akaigonga juu ya jiwe mpaka ikawa bapa na yenye ndoana, na hizo ndizo zilikuwa chembe, vile vichwa vya chuma vya mishale yake. Kila chembe aliikata alama yake ubavuni, mikwaruzo miwili na mstari uliopinda.

Sumu aliipika mwenyewe, mbali na nyumba, upande ambao upepo hauwezi kuleta mvuke kwa watu. Alikatakata mizizi na magome ya msunguti, akachemsha tangu alfajiri mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami ya barabarani. Kisha aliijaribu. Alijichanja kidogo mkononi, akaacha damu itiririke mpaka kiganjani, halafu akagusa mkia wa ule mtiririko kwa kijiti chenye sumu. Damu iligeuka nyeusi, na weusi ukaanza kupanda juu, ukifuata damu kuelekea jerahani. Kabla haujafika, Njuki aliipangusa kwa jani. Ndwiga alipoiona kazi hiyo mara ya kwanza alirudi nyuma mpaka akamgonga punda wake.

"Rika yangu, si ungetumia mshale mtupu tu? Mbona kujitafutia kifo?"

"Mshale mtupu kwa nyati ni matusi," Njuki alisema, akivingirisha chembe kwa utepe wa ngozi laini ili sumu isikauke wala isimchome mtu. "Kaka yangu alipiga mmoja hivyo. Nyati akatembea na mshale mwezi mzima tumboni, ananuka, ana hasira, mpaka akakutana na mke wa kaka huyohuyo mtoni. Mnyama akipigwa na hii hafiki mbali. Analala. Hiyo ni heshima."

"Basi kila mtu angetumia."

"Kila mtu akiitumia nitahama."

Akaeleza, maana juu ya jambo hili alipenda kueleza. Mnyama akipigwa, mti wa mshale huanguka na chembe hubaki ndani ya nyama. Haionekani kwa nje. Atakayemchuna bila kujua, kidole chake kikigusa ile ndoana, atazikwa kabla nyama haijaiva. Kwa hiyo aliyepiga lazima afuate. Hata kama ni siku nzima, hata kama mnyama amevuka mto, afuate mpaka amkute, aingize mkono wake mwenyewe, aitoe chembe yake mwenyewe, akate nyama yote ya pale na kuifukia. Ndipo wengine waitwe. Na katika nyumba ya baba yake Njuki, mtu aliyepoteza mshale wenye sumu alifungua kamba ya upinde wake na hakuivuta tena mpaka mshale upatikane. Njuki mwenyewe aliwahi kukaa msimu mzima bila kuwinda, akitambaa vichakani kutafuta mshale mmoja, na majirani wakimuuliza kama amepoteza mke.

"Uliupata?"

"Ndani ya kichuguu. Nilimkosa digidigi." Hakuona haya kulisema. Aliona fahari kuupata zaidi ya alivyoona aibu kumkosa.

Ndwiga alisikiliza kama anavyosikiliza mfanyabiashara, akitenga yale yenye faida na kuacha mengine yapite. Lililobaki kwake ni kwamba hapa kuna mtu mmoja ambaye sumu yake inafanya kazi.

Kisha ikaja hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji waliojificha msituni. Mwaka wa hamsini na nne watu wa upande ule walivunjiwa nyumba wakakusanywa kijiji kimoja, kimezungukwa na handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, na daraja la magogo lililovutwa kila jioni. Mashamba yalibaki kule nje peke yake. Nyati na nguruwe-mwitu walielewa mpango huo upesi kuliko watu. Kila asubuhi daraja lilipowekwa, wanawake walitoka chini ya ulinzi wa gadi, askari wa mgambo wa serikali, na kukuta mtama umelazwa kama mkeka.

Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, mzee mmoja mzito aitwaye Kithaka, alikwenda kuomba kwa wakubwa, akarudi na ruhusa. Njuki angeweza kubeba upinde wakati wa mchana na kuua wale wanaokula mashamba, mradi awe ndani kabla ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Hivyo Njuki akawa mtu pekee wa kijiji aliyetoka na silaha isiyo ya serikali, na mtu pekee ambaye kila mama alimsalimia kwanza.

Ndwiga naye alikuwa na pasi ya biashara, aliyoipata kwa njia anazozijua mwenyewe, na punda wake waliendelea kushuka na kupanda. Lakini njia zilikuwa mbaya. Kila kizuizi kilitaka kufungua mizigo, na kila aliyefungua mizigo alitaka kuonja asali. Ndipo koplo wa gadi wa kituo cha Manyatta, Mutugi, kijana wa shingo nene aliyependa kuongea huku akitafuna mugoka, yale majani ya kufukuza usingizi, alipomvuta kando.

"Ndwiga, sisi hapa tuna bunduki za kuhesabika na msitu uko pale. Wanasema kule chini kuna mtu ana mishale."

"Kule chini kila mtu ana mishale, afande."

"Usinizungushe. Ile yenye dawa. Niletee, na mizigo yako itapanda lori la kambi mpaka Embu. Hakuna mtu atafungua hata gunia."

Ndwiga aliliona lori lile moyoni, likipita vizuizi vyote kama bwana harusi. Akamwendea Njuki.

Alijaribu kwa chumvi. Alijaribu kwa blanketi. Alijaribu kwa misumari, akamwekea Wawira kitambaa cha maua magotini. Njuki alijibu neno lilelile.

"Huyo Mutugi akipiga, atafuata?"

"Atafuata nini? Watu wa msituni?"

"Sikukuuliza anampiga nani. Hayo ni ya wakubwa, na mimi nimefungiwa humu na wao wamejificha kule, sote tuna shida zetu. Nimekuuliza, atafuata?"

"Baba Muthoni, hiyo ni vita."

"Baba yangu alipiga watu kwa sumu hii, siku zile za kunyang'anyana ng'ombe. Alimfuata kila mmoja. Ndiyo maana aliwapiga wachache."

"Lete kitambaa chako," Wawira alisema, akikikunja na kumrudishia Ndwiga, "kabla sijakizoea."

Basi likakaa hivyo, mpaka ile siku ya nyati dume.

Ndwiga alikuwa kijijini, akipima mbegu za mbarika karibu na daraja, alipomwona Njuki akija mbio na miguu ile yake, podo likimgonga mgongoni. Jua lilikuwa limeshainama. Alikuwa amempiga dume chini ya mashamba ya kunde, begani, vizuri, lakini dume lile likakimbilia bondeni, ng'ambo ya kijito, na wakati huohuo baragumu la kafyu likalia. Njuki alikuwa amesimama na damu mbele yake na baragumu nyuma yake. Mtu aliyeonekana nje baada ya baragumu alipigwa risasi, na hilo halikuwa tishio tu.

Alikwenda kwa hedimani akiwa bado anahema. "Mzee, kesho niachie nitoke kukicha. Kabla ya wote."

"Daraja halishuki mpaka doria irudi," Kithaka alisema. "Amri si yangu."

"Doria ikirudi, akina mama wanakwenda kuni. Kesho zamu ya kuni ni upande gani?"

Kila mtu alijua. Kesho kuni zilikuwa bondeni, ng'ambo ya kijito.

Hayo ndiyo yaliyomsimamisha Njuki pale. Watu walikuwa hawajaonja nyama tangu wafungiwe. Wanawake wakimkuta nyati amelala, nani kati yao angengoja mwenyewe aje? Wangekuwa na visu na mapanga ya kuni mikononi. Wangemfungua kabla gadi hajamaliza kuuliza ni nini. Na Wawira alikuwa katika zamu ile.

"Mwambie Mama Muthoni awaonye," Ndwiga alisema walipotoka.

"Nitawaonya," alisema Wawira, aliyekuwa akiwasubiri nje. "Na nusu yao watasema, Wawira anataka mumewe agawe nyama apendavyo. Wewe hujawahi kuona watu wenye njaa?"

Ndwiga alijua la kufanya, na alijua bei yake, vyote kwa pamoja. Yeye alikuwa na pasi. Kithaka alimhitaji, maana ndiye aliyemletea tumbaku na habari za juu. Mfanyabiashara akiomba kutoka alfajiri ili awahi njia, na akiomba mtu wa kumsaidia kufunga punda, akajitia dhamana kwa pasi yake, hedimani angeweza kufumba jicho moja.

"Naweza kukutoa," alimwambia Njuki. "Kukicha. Nitaweka pasi yangu mezani kwa ajili yako."

"Na unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

Wawira alimtazama Ndwiga kama anayetazama mtu akikojoa kisimani. Lakini alimgeukia mumewe. "Mpe," alisema. "Mpe sasa hivi. Wale ni wamama."

Njuki alikaa chini, akalivua podo, akaliweka kati ya miguu yake. Ndani mlikuwa na mishale kumi iliyovingirishwa. Aliitoa mmoja mmoja, akaitazama alama, akairudisha.

"Kila mmoja utakwenda kwa mtu mwenye jina," alisema. "Utaniletea jina. Ukipigwa, utaniletea habari ulipigwa nini na kama chembe ilitolewa. Ukitaka hivyo, chukua. Hutaki, nitatoka usiku nipigwe risasi, na huyu atabaki kukudai mume."

"Nimekubali," Ndwiga alisema upesi. Alikubali kama mtu anavyokubali masharti ya mwisho akiwa ameshashika mali mkononi.

Kithaka alifumba jicho, akaomba mafuta ya nyati kwa ajili ya magoti yake. Kulipoanza kupambazuka walivuka daraja. Nyati hakuwa mbali, alikuwa amelala kifudifudi kando ya kijito kama aliyekuwa anakunywa. Njuki alipapasa bega, akapasua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa chembe taratibu kwa vidole vilivyozungushiwa majani. Alikata nyama yote ya pale, pande kubwa ambalo Ndwiga alilionea uchungu, akalifukia na kupanga mawe juu. Wanawake walipofika na mafungu yao ya kamba, Njuki alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono imeoshwa.

"Mnangoja nini?" akawaambia. "Ameshakuwa nyama."

Walipiga vigelegele mpaka gadi akawanyamazisha. Siku ile kijiji kizima kilinuka mafuta, na Ndwiga alipanda Manyatta akiwa na robo ya ngozi na podo limefichwa ndani ya gunia la mbarika.

Mutugi alifurahi, akataka kuujaribu mmoja papo hapo kwa kuku wa mtu. Na lori likaja kama lilivyoahidiwa. Ndwiga alikaa mbele, karibu na dereva, akipita vizuizi huku amekunja mikono. Kwa muda mfupi alikuwa mtu mkubwa.

Aliporudi chini, Njuki alikuwa akimngoja darajani.

"Majina."

"Mutugi," Ndwiga alisema. "Koplo Mutugi."

"Huyo mmoja. Na wengine tisa?"

"Baba Muthoni, kituo ni kituo. Mishale iko kituoni."

"Kituo kina mkono? Kinavuta upinde?"

Ndwiga alicheka, lakini alicheka peke yake. Njuki alikwenda kwenye nyumba yake, akautoa upinde, akaifungua kamba mbele ya watu, akaizungusha kidoleni, akaitia mfukoni. Alisema mishale yake kumi haijulikani iliko, na yeye hawezi kuwinda.

Watu walidhani ni mzaha wa siku moja. Haukuwa. Nguruwe walirudi kwenye mihogo. Nyati wengine wakashuka kwenye mtama. Kithaka alimwita Njuki, akampigia kelele, akamtishia, kisha akampeleka kuchimba handaki na wale waliopatikana na makosa. Njuki alichimba. Alichimba vizuri, miguu yake imejaa udongo, na jioni alikaa nje akichonga mizinga ya nyuki kama mtu mwenye wakati mwingi.

Hapo ndipo wanawake walipofanya hesabu yao. Hawakumlaumu Njuki, maana ni wao waliokuwa wamekwenda kuni siku ile, na Wawira hakuwaacha wasahau. Ndwiga aliposhuka na punda wake, kila mlango ulikuwa umeishiwa. Asali? Nyuki wamehama. Ngozi? Mbuzi hawajafa. Mbarika? Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia gunia zima la mbarika alimwambia machoni kwamba mwaka huu haikuzaa.

"Mama, si hiyo umeikalia?"

"Hii ni kiti."

Wawira alimsindikiza mpaka darajani. "Rudisha mishale ya watu," alisema. "Halafu urudi na chumvi yako tutazungumza."

Ndwiga alirudi na punda wepesi. Njiani alizungumza na nafsi yake kwa lugha ya kazi. Lori lilikuwa zuri, lakini lori tupu ni la nini? Asali ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Hakujisikia mwenye dhambi. Alijisikia mtu aliyeuza ng'ombe ili anunue kengele.

Mutugi alimcheka sana. "Unataka kununua tena? Si uliniuzia wewe?"

"Nimekosea bei, afande."

"Bei ilikuwa lori."

"Basi chukua lori lako."

Hata hivyo haikutosha. Ndwiga alitoa blanketi lake, akatoa tumbaku, akatoa mugoka wa kutosha kambi nzima kukesha. Mishale mitano ilikuwa bado imefungwa juu, karibu na dari la kibanda cha mlinzi. Mmoja ulikuwa umekwama kwenye mti waliokuwa wakiutumia kulenga shabaha, na Ndwiga aliuchimba kwa kisu akiwa amefunga kitambaa mkononi, jasho likimtoka. Mwingine ulikuwa kwa shemeji yake Mutugi, ambaye alidhani ni dawa ya panya na aliuweka ghalani juu ya mahindi. Miwili ilikuwa kituo kingine, na aliifuata kwa miguu, akabishana huko siku nzima na mpishi aliyekuwa ameichomeka ukutani kama mapambo.

Ikawa tisa.

"Na wa kumi?"

Mutugi alitema mugoka. "Huo niliutumia."

"Kwa nani?"

"Ilikuwa jioni, pale kwenye handaki la msitu. Kitu kilipita. Nikapiga."

"Kitu gani?"

"Kitu. Kilipita vichakani. Nilisikia kimeshtuka."

"Ulifuata?"

"Mimi? Msituni? Ndwiga, umerukwa na akili?"

Ndwiga alikaa na jambo hilo. Fundi wa vyuma pale sokoni angeweza kumgongea chembe nyingine kabla ya chakula cha mchana, na kukwaruza alama si kazi. Alifikiria sana, kisha akaacha. Njuki angeweza asiijue, lakini Wawira angejua kwa kumtazama Ndwiga usoni, na hapo angekuwa amepoteza bonde zima. Alishuka na tisa, akaipanga juu ya ngozi mbele ya Njuki, akasema ukweli wa ule mmoja kama alivyousikia.

Njuki aliangalia alama zote. "Nipeleke," alisema.

Kithaka, ambaye sasa alikuwa akikosa usingizi kwa ajili ya mtama, alitoa pasi ya siku chache bila kuombwa mara mbili. Walipanda pamoja. Njuki alikuwa hajafika juu kule tangu hali ya hatari ianze, na ubaridi ulimfanya ajikunyate. Mutugi aliwapeleka mpaka kwenye handaki la msitu, lile kubwa lililochimbwa kuutenga msitu na watu, refu kuliko macho, lenye vijiti chini yake. Ng'ambo yake hakuruhusiwa mtu. Aliyeonekana kule alipigwa bila kuulizwa.

"Nilisimama hapa," Mutugi alisema. "Kikapita pale."

Njuki alichuchumaa. Alitazama nyasi za ng'ambo kwa muda mrefu, akisogea hatua, akitazama tena. Kisha akanyoosha kidole. Mti wa mshale ulikuwa umelala kule, kando ya kichaka, umeshikwa na majani. Hata Ndwiga aliuona baada ya kuonyeshwa. Na aliona kwamba ncha yake ilikuwa tupu.

"Mshale ungekosa, ungebaki mzima," Njuki alisema. "Uliingia."

"Uliingia nini?" Ndwiga aliuliza.

"Nikiwa upande ule ningekuambia." Akamgeukia Mutugi, sauti yake ya kawaida, kama anayeuliza njia. "Hicho kitu, urefu wake ulikuwa kiasi gani?"

Mutugi alianza kuinua mkono ili aonyeshe. Mkono ulipanda mpaka kiunoni, ukasita, ukapanda kidogo, ukashuka. "Ilikuwa jioni," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu Ndwiga amjue, hakuwa anatafuna kitu.

"Nipitishe," Njuki alisema. "Mimi ndiye niliyeipika sumu."

"Siwezi. Watanipiga mimi na wewe."

Njuki alikaa ukingoni mpaka jua lilipoanza kwenda. Ndwiga alikaa naye, si kwa upole, bali kwa sababu pasi ya Njuki ilikuwa na jina lake Ndwiga kama mdhamini. Mara moja tu Njuki aliuliza kama kule msituni kuna watu wanaochuna nyama. Ndwiga akasema kama wapo wana njaa, na wenye njaa huchuna. Njuki akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

Aliporudi nyumbani alizika chungu cha sumu, akavunja chembe tisa kwa jiwe, akazitia shimoni pamoja. Upinde haukufungwa kamba tena. Kithaka alilipanga upya jambo la mashamba, akapata ruhusa ya watu kulala nje kwa zamu wakipiga madebe, na msimu ule nusu ya mtama iliokolewa, nusu ikaliwa. Kulikuwa na njaa, si ya kuua, lakini watu waliikumbuka.

Hali ya hatari ilipoondolewa mwaka wa sitini na handaki likaanza kujaa udongo, Njuki alipanda mwenyewe. Alilala kwa Ndwiga, na kila asubuhi aliingia msituni, na kila jioni alirudi, akala, akalala. Ndwiga hakumuuliza. Siku ya mwisho Njuki alisema kwamba mvua zimenyesha mara nyingi mno na chembe hakuiona, akashukuru kwa chakula, akashuka.

Ukitaka kujua nani alipata nini, si vigumu. Mutugi alipandishwa cheo, kisha akaachishwa kazi kama gadi wengine wote. Ndwiga alipoteza lori, blanketi na siku za kutosha kujenga jiko. Lakini kule chini akawa mtu aliyerudisha mishale ya watu, na kwa sababu hiyo akina mama walimpa mizigo yao achukue kwanza na kulipa baadaye, jambo ambalo hawakumfanyia mfanyabiashara mwingine yeyote. Yeye alijua aliirudisha kwa ajili ya asali. Hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Njuki alipoteza kazi pekee aliyokuwa akiipenda. Alibaki na nyuki. Alitundika mizinga mpaka hakuna mgunga uliobaki mtupu, na asali yake, iliyokuwa nyingi na safi, ilipitia karibu yote mikononi mwa Ndwiga, aliyeiuza Embu kwa faida nzuri. Walibishana juu ya bei kila mwaka mpaka wakazeeka, na Njuki hakuishusha hata mara moja.